Jinsi ya Kuiga Mabadiliko ya Jamii za Mimea katika Mandhari kwa Modeli ya Kompyuta

Mwaka 1972 Botkin, Janak na Wallis walichapisha modeli iliyoitwa JABOWA, iliyofuatilia mti mmoja mmoja katika viwanja vya mita 10 kwa 10 vya msitu wa Hubbard Brook, Marekani. Modeli hiyo ilifungua njia kwa modeli nyingi za misitu zilizofuata, lakini kila kiwanja ndani yake kilijitegemea: hakuna mbegu iliyotoka kiwanja kimoja na kuangukia kingine. Modeli za mandhari nzima, kama LANDIS iliyobuniwa katika miaka ya 1990, zilikuja kuviunganisha viwanja hivyo. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu. Kinachoifanya modeli iwe ya mandhari ni vitu vinavyovuka mipaka ya viwanja, hasa mbegu na moto, wala si ukubwa wa ramani au wingi wa spishi. Mtu akivishughulikia vizuri viwili hivyo, modeli ndogo ya kurasa chache za msimbo itamfundisha mengi. Akivipuuza, hata modeli kubwa itabaki kuwa rundo la viwanja vilivyowekwa kando kwa kando.

Mfano tutakaoutumia ni savana, yaani ardhi ambayo nyasi na miti huishi pamoja. Nyasi kavu hulisha moto, moto huua au kurudisha nyuma miti michanga, na miti ikishakua hutia kivuli kinachopunguza nyasi na hivyo kupunguza moto. Mzunguko huo ni rahisi kuuelewa, lakini matokeo yake juu ya mandhari hayawezi kukisiwa kwa kichwa, na hapo ndipo kompyuta inapohitajika. Ninachukulia kwamba msomaji anaweza kuandika msimbo mwepesi wa Python au R, au yuko tayari kujifunza NetLogo, lugha ya kujengea modeli ambayo ni nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa msimbo

Swali zuri hutaja kinachobadilishwa, kinachopimwa, eneo na muda. "Savana hubadilikaje?" halitoshi. "Mioto ikipungua kwa nusu, sehemu iliyofunikwa na miti itaongezeka kwa kiasi gani ndani ya miaka 100, na itaongezeka kuanzia wapi?" linatosha, kwa sababu linakuambia kwamba unahitaji moto, unahitaji umri au ukubwa wa miti, na unahitaji ramani badala ya wastani mmoja. Linakuambia pia usichohitaji: pengine huhitaji naitrojeni ya udongo wala majina ya spishi 80. Kila mchakato unaoongezwa huja na vigezo vyake, yaani namba zinazouendesha, na kila kigezo kisichokuwa na data ni mlango wa makosa usioonekana. Kwa maoni yangu, mchakato usiohusiana na swali uachwe nje hata kama ni wa kweli kabisa katika maumbile.

Hatua ya 2: Tengeneza gridi na kukusanya ramani

Chagua ukubwa wa seli, yaani kila mraba mmoja wa gridi, kwa kufuata umbali ambao mbegu nyingi husafiri na ukubwa wa taji la mti mkubwa, si kwa kufuata tu ramani iliyopo. Katika mfano wetu seli ni ya mita 30, na gridi ina seli 200 kwa 200, yaani seli 40,000 zinazofunika kilomita 6 kwa 6. Ukubwa huu unalingana na picha za setilaiti za Landsat na ramani za mwinuko zilizotokana na SRTM, safari ya chombo cha angani ya Februari 2000. Kwa udongo kuna SoilGrids yenye mita 250, na kwa hali ya hewa kuna WorldClim yenye takriban kilomita moja. Ramani zenye chembe kubwa zinaweza kugawanywa ili zitoshee gridi yako, ila kumbuka kwamba kugawanya hakuongezi taarifa: seli jirani nyingi zitakuwa na mvua ileile.

Badilisha ramani zote ziwe katika mfumo wa kuratibu unaotumia mita, kama UTM, kabla ya kuanza. Nyuzi za latitudo na longitudo hazifai, kwani upana wa nyuzi moja ya longitudo hupungua kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, na umbali wa mbegu utapotoka bila wewe kuona.

Ukingo wa gridi nao unahitaji uamuzi. Katika mandhari ya kubuni unaweza kuunganisha ukingo wa mashariki na wa magharibi, na wa kaskazini na wa kusini, ili mbegu inayotoka upande mmoja iingie upande wa pili. Katika mandhari halisi hilo halina maana. Ongeza badala yake ukanda wa ziada kuzunguka eneo lako, uuigize pamoja na sehemu nyingine, kisha uuache nje unapohesabu matokeo.

Hatua ya 3: Gawanya mimea katika makundi

Spishi nyingi zinaweza kuwekwa katika makundi machache kwa kuzingatia namna zinavyostahimili kivuli, moto na ukame, na namna mbegu zao zinavyosafiri. Hapa tuna nyasi na miti, na miti ina ngazi tatu: miche, miti michanga ambayo kilele chake bado kimo ndani ya urefu wa ndimi za moto, na miti mikubwa iliyokwisha kupita urefu huo. Mgawanyo huu haukuchaguliwa kiholela. Mti mchanga wa savana unaoungua mara nyingi haufi. Hupoteza shina la juu na kuchipua tena kutoka shinani, na unaweza kubaki katika hali hiyo kwa miaka mingi mpaka upate kipindi kirefu cha kutosha bila moto. Bila ngazi ya kati modeli haiwezi kuonyesha mtego huo.

Kila seli basi inahifadhi namba nne: sehemu iliyofunikwa na nyasi, kati ya 0 na 1, na idadi ya miti katika kila ngazi. Fanya idadi ya miti iwe namba kamili. Ukiruhusu sehemu za mti, seli itakuwa na sehemu moja ya elfu ya mti, na kipande hicho kitatoa mbegu mwaka unaofuata, na miti itaenea katika mandhari kwa kasi isiyowezekana. Seli iwe na mti au isiwe nao, na nani anakufa au anapanda ngazi kuamuliwe kwa kura nasibu.

Hatua ya 4: Andika kinachotokea ndani ya seli

Sehemu hii ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwa ushindani wa mwanga tumia kanuni ya Beer na Lambert: mwanga unaofika chini, kama sehemu ya mwanga wote, ni sawa na e (takriban 2.718) iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi k mara kiasi cha majani, ambapo kiasi cha majani ni eneo la majani juu ya kila mita mraba ya ardhi, na k huwa karibu na 0.5. Majani yakiwa 2, mwanga unaofika ardhini ni takriban asilimia 37. Yakiwa 4, ni karibu asilimia 14. Yakiwa 6, ni asilimia 5 tu. Kiasi cha nyasi na nafasi ya mche kuota vitegemee mwanga huo pamoja na mvua ya mwaka. Kuhusu mvua, uchambuzi wa Sankaran na wenzake wa mwaka 2005 katika savana za Afrika ulionyesha kwamba chini ya milimita 650 hivi kwa mwaka mvua yenyewe huweka kikomo cha miti, na juu ya hapo ni moto na wanyama wanaozuia miti isifunike ardhi yote. Ikiwa eneo lako lina mvua kidogo, usishangae kuona moto haubadilishi mengi.

Angalia sana unapobadilisha vipimo vya uwandani kuwa vya mwaka mmoja. Tuseme asilimia 40 ya miche ilibaki hai baada ya miaka mitano. Mtu wa haraka hugawanya vifo vya asilimia 60 kwa tano, akapata kuwa kila mwaka asilimia 88 hubaki hai, lakini 0.88 ikizidishwa mara tano hutoa 0.53, si 0.40. Jibu sahihi ni kipeuo cha tano cha 0.40, ambacho ni 0.83. Pengo hilo dogo, likijirudia kwa miaka 100 katika seli 40,000, linaweza kugeuza nyasi kuwa msitu.

Hatua ya 5: Sambaza mbegu

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mbegu nyingi huanguka karibu na mti mama, chache husafiri mbali, na hizo chache ndizo zinazoamua mimea itahamia wapi na kwa kasi gani. Mwaka 1899 mwanajiolojia Clement Reid alishangaa jinsi mialoni ilivyorudi haraka Uingereza baada ya enzi ya barafu, kwa kasi ambayo mbegu zinazoanguka chini ya mti haziwezi kuieleza. Mshangao wake bado ni kipimo kizuri cha modeli yoyote ya usambaaji.

Kanuni inayotumika sana husema kwamba wingi wa mbegu kwa kila mita mraba hupungua kwa e iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi r juu ya a, ambapo r ni umbali kutoka kwa mama na a ni kigezo cha umbali. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kudhani kwamba a ndiyo wastani wa umbali. Kwa kuwa eneo la pete huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na mama, wastani wa umbali ni 2a. Kama vipimo vyako vinaonyesha wastani wa mita 30, basi a ni 15.

Sasa pima mkia wa kanuni hiyo. Sehemu ya mbegu zinazopita umbali r ni (1 + r/a) mara e kwa kipeo cha hasi r/a. Kwa a ya mita 15, karibu asilimia 1 ya mbegu hupita mita 100. Kupita mita 300, hata hivyo, ni mbegu zipatazo nne tu katika kila milioni 100. Kwa maneno mengine, kanuni inayoeleza vizuri mbegu zilizonaswa kwenye mitego karibu na mti inakataza kabisa mbegu iliyobebwa na ndege au dhoruba. Dawa yake ni kuchanganya kanuni mbili: kwa mfano asilimia 99 ya mbegu zifuate a ya mita 15, na asilimia 1 zifuate a ya mita 250, yenye wastani wa nusu kilomita. Asilimia hiyo moja ni vigumu kuipima uwandani, kwa hiyo iorodheshe mapema miongoni mwa vigezo utakavyovijaribu kwa thamani tofauti.

Ili kuipeleka kanuni kwenye gridi, usipime umbali kutoka katikati ya seli hadi katikati ya nyingine, kwa sababu seli ya mama yenyewe itakuwa na umbali sifuri na matokeo yatapotoka hasa pale ambapo mbegu ni nyingi. Fanya hivi: chagua nukta nasibu ndani ya seli ya mama, chagua mwelekeo nasibu, kisha pata umbali kwa kuchukua namba nasibu mbili kati ya 0 na 1, kujumlisha logi asilia zake na kuzidisha jumla hiyo kwa hasi a. Andika seli ambayo mbegu imeangukia. Ukirudia mara milioni moja utapata jedwali la uwezekano ambalo utalitumia katika uigaji wote bila kulihesabu tena. Jumla ya jedwali lazima iwe 1. Kuzidisha jedwali hilo na ramani ya mbegu zilizozalishwa hufanyika haraka kwa mbinu ya Fourier, lakini kwanza ongeza ukanda wa sufuri kuzunguka ramani, la sivyo mbegu zinazotoka upande mmoja zitatokea upande wa pili.

Hatua ya 6: Washa moto na uuache utembee

Moto huanzia katika seli chache zilizochaguliwa nasibu kila mwaka. Weka seli hizo kwenye foleni. Toa moja, tazama majirani zake, na kwa kila jirani asiyeungua bado piga kura: uwezekano wa kuungua utegemee nyasi zake, ukavu wa mwaka, upepo na mteremko. Anayeshika moto anaingia kwenye foleni. Foleni ikiisha, moto umezimika.

Msimbo wake ni mistari michache, lakini tabia yake inahitaji kueleweka kwa undani. Fikiria seli zilizotawanyika ovyo, nyingine zina nyasi za kutosha na nyingine hazina. Moto ukiruka kwa majirani wanne tu, unaweza kuvuka mandhari nzima pale seli zenye nyasi zinapozidi takriban asilimia 59. Chini ya hapo huishia katika vipande vilivyotengana. Maana yake ni kwamba miti ikifikia asilimia 40 hivi, moto hukatika ghafla, si polepole, na katika savana halisi pia maeneo yanayoungua hupungua kwa kasi karibu na kiwango hicho cha miti. Ndiyo sababu savana na msitu vinaweza kukaa jirani chini ya mvua ileile, kila kimoja kikijilinda.

Ila tazama: ukiruhusu moto uruke kwa majirani wanane, kizingiti kinashuka hadi takriban asilimia 41. Hakuna kilichobadilika katika maumbile. Umebadilisha mstari mmoja wa msimbo, na hatima ya mandhari imehama. Ukiongeza kura katika kila hatua ya kuvuka, kizingiti kinahama tena. Kwa hiyo usichague idadi ya majirani kwa mazoea. Rekebisha uwezekano wa kuenea hadi ukubwa wa mioto ya modeli yako ulingane na ramani za maeneo yaliyoungua. Ramani za MODIS, kifaa kilichomo kwenye setilaiti, zenye mita 500 zipo tangu mwishoni mwa mwaka 2000; hazioni mioto mingi midogo, basi linganisha mioto mikubwa pekee.

Hatua ya 7: Panga mwaka

Utaratibu wa matukio ndani ya mwaka ubaki uleule: mvua, ukuaji na kupanda ngazi, vifo vya kawaida, kutoa mbegu, kuota, na mwisho moto wa kiangazi. Kama mbegu za eneo lako huanguka baada ya moto, sogeza hatua hiyo. Tumia safu mbili za namba, ya mwaka wa zamani na ya mwaka mpya. Soma kutoka ya kwanza na uandike kwenye ya pili. Ukisoma na kuandika katika safu moja, mche ulioota kaskazini mwa gridi unaweza kutoa mbegu kabla kusini hakujafikiwa, na mimea itaonekana inaelekea upande mmoja bila sababu.

Hatua ya 8: Jaribu kuivunja

Kabla ya kuamini ramani yoyote, zima moto: mahali penye mvua ya kutosha miti lazima ijae. Zima mbegu: miti mikubwa lazima ipungue hadi iishe. Weka mti mmoja katikati ya nyasi tupu: uenezi lazima uwe wa duara, usielekee kona. Hesabu mbegu zilizozalishwa na zilizoanguka pamoja na zilizotoka nje ya gridi: lazima zilingane. Majaribio haya huchukua muda mfupi, nayo hufichua makosa ambayo grafu nzuri huyaficha.

Hatua ya 9: Rudia, na ubadilishe vigezo

Uigaji mmoja ni hadithi moja kati ya nyingi zinazowezekana. Endesha modeli angalau mara 30 kwa kila hali, kila mara na namba tofauti ya kuanzisha mfuatano nasibu, na uhifadhi namba hizo ili mwingine apate matokeo yaleyale. Anza pia kutoka hali tofauti: nyasi tupu, msitu mzima, na mchanganyiko. Ikiwa baada ya miaka mingi hali hizo hazikutani, umegundua jambo muhimu kuhusu mandhari yako, na wastani wa zote pamoja utalificha.

Kwa vigezo, weka kiwango cha chini na cha juu kwa kila kimoja, kisha chagua mchanganyiko kwa mbinu ya mchemraba wa Kilatini (Latin hypercube), ambayo hutawanya thamani vizuri zaidi kuliko kubadilisha kigezo kimoja kimoja. Tarajia kwamba uwezekano wa moto kuenea na ile asilimia moja ya mbegu za mbali vitaongoza kwa kubadilisha matokeo.

Hatua ya 10: Linganisha na mandhari halisi

Usitumie kipimo kimoja. Modeli yenye vigezo vingi inaweza kulazimishwa itoe asilimia sahihi ya miti kwa sababu zisizo sahihi. Dai ilingane kwa wakati mmoja na asilimia ya miti, ukubwa wa vipande vya miti, muda kati ya moto na moto, na mgawanyo wa ngazi za ukubwa. Ni vigumu kuvitimiza vyote kwa bahati. Tumia picha za Landsat za miaka ya mwanzo kurekebisha vigezo, na za miaka ya baadaye, ambazo modeli haikuziona, kuipima.

Linganisha pia na modeli bubu. Kama asilimia 95 ya seli hazikubadilika kati ya picha mbili, basi ramani inayosema "hakuna kitakachobadilika" ni sahihi kwa asilimia 95. Modeli yako ikifikia asilimia 93 na kusifiwa, imeshindwa na karatasi tupu. Pima usahihi katika seli zilizobadilika. Endesha pia toleo ambalo mbegu zinatawanyika sawasawa kila mahali. Likifanya vizuri sawa na lako, basi katika eneo hilo, kwa muda huo, umbali wa mbegu hauamui kitu, na unaweza kusema hivyo bila kusita.

Hatua ya 11: Andika ili mwingine aweze kuijenga upya

Tumia ODD, utaratibu wa kueleza modeli kwa maandishi, uliopendekezwa na Volker Grimm na wenzake mwaka 2006, wenye vipengele saba kuanzia lengo la modeli hadi maelezo ya kila mchakato mdogo. Katika ripoti, toa ramani inayoonyesha katika kila seli ni mara ngapi kati ya uigaji 30 miti ilitawala, badala ya ramani ya uigaji mmoja uliopendeza. Seli iliyopata 28 na seli iliyopata 16 zinaonekana sawa katika ramani ya rangi mbili, lakini msimamizi wa ardhi atakayeamua pa kuchoma na pa kuacha anahitaji kuona tofauti yake. Ambatanisha msimbo, jedwali la vigezo pamoja na chanzo cha kila kimoja, na utie alama kwenye vigezo vilivyokisiwa.